Mwandishi Kijana na Haki ya Wanaoandikwa

Imezuka imani miongoni mwa vijana wetu wapendao kuandika, na baadhi ya walimu wao huipalilia, kwamba mwandishi ni kiumbe wa namna ya pekee. Kwa kuwa anahangaika na kalamu, ati amesamehewa yale ambayo watu wengine hawasamehewi. Akiwa na njaa, njaa yake ni ya heshima. Akikopa asilipe, deni lake ni la sanaa. Akimwacha mke na mtoto wakilia, twaambiwa tungoje kwanza kitabu kitoke. Na kitabu kikitoka, kikawa kimejaa siri za mke yule yule, twatakiwa tupige makofi, maana huo ndio ukweli wa maisha. Sisi hatukubaliani na imani hii hata chembe, na katika kurasa hizi twakusudia kuipiga vita.

Silaha yetu huenda ikawashangaza wengi. Tunaitoa Ufaransa, nchi ile ile ambako imani hiyo ililelewa, tena katika sinema ya kuchekesha inayohusu mapenzi ya kijana mmoja anayejitafutia jina la mwandishi. Sinema yenyewe ni L'Amour en fuite, yaani Mapenzi Mbioni, iliyotolewa mwaka 1979. Aliyeitunga na kuiongoza ni François Truffaut, mzaliwa wa Paris wa mwaka 1932 aliyefariki mwaka 1984. Haisimami peke yake. Ni ya tano na ya mwisho katika mfululizo unaomfuata mtu mmoja, Antoine Doinel, tangu alipokuwa mwanafunzi mtoro mwaka 1959 hadi alipokuwa mwanamume aliyeachana na mkewe, ana mtoto, na ametoa riwaya moja. Katika zote tano mwigizaji ni yule yule, Jean-Pierre Léaud, aliyeanza akiwa na umri wa miaka 14. Mtazamaji humwona mtoto akiota ndevu mbele ya macho yake, jambo ambalo ni nadra sana katika sanaa hii.

Watatokea wenzetu watakaouliza tangu lini mapenzi ya vijana wa Paris, na vicheko vyao, yakawa somo katika mkusanyo unaohusu utamaduni wa taifa. Swali hilo ni halali, na jawabu letu ni fupi. Imani tunayoilalamikia ilifika kwetu kutoka huko, ndani ya vitabu vya kuazima na michezo ya kuigiza, na anayetaka kung'oa mti hana budi kuuchimba pale ulipo mzizi. Kuhusu vicheko, twasema hivi: tanzia humpa mkosaji hadhi asiyostahili. Akifa jukwaani twamlilia, na katika machozi yetu twawasahau wale aliowaumiza. Futuhi haimpi nafasi hiyo. Humwacha hai, humwonyesha akikimbilia gari moshi bila tiketi, nasi tunamwona kwa kimo chake halisi. Mwalimu anayeamini kwamba kitabu kizito tu ndicho chenye uzito atakuwa amejinyima nusu ya fasihi ya ulimwengu.

Yafaa kwanza tueleze asili ya imani yenyewe. Kati ya mwaka 1845 na 1849 Henri Murger alichapisha katika gazeti moja la Paris visa vya vijana wasanii wanaokaa katika vyumba vya darini, hawana kuni za kuotea moto wala kodi ya chumba, na bado wanapenda na kucheka. Visa hivyo vikakusanywa kuwa kitabu mwaka 1851, na mwaka 1896 Mtaliana Puccini akavitungia opera, La Bohème, ambayo hadi leo huimbwa katika kumbi za dunia nzima. Hapo ndipo walimwengu walipofundishwa kuipenda njaa ya msanii. Murger mwenyewe aliijua njaa hiyo kwa tumbo lake. Alifariki mwaka 1861, hajatimiza miaka 39, na katika dibaji ya kitabu chake alikuwa amekwisha kuwaonya vijana kwamba njia ile huwafikisha wengi hospitali na kaburini. Lakini dibaji haikutungiwa muziki.

Honoré de Balzac, ambaye Antoine Doinel anamhusudu kuliko waandishi wote, alikuwa ameliona jambo hili kabla ya Murger, na kwa jicho kali zaidi. Katika riwaya yake Illusions perdues, iliyotoka kwa sehemu tatu kati ya mwaka 1837 na 1843, yumo kijana mshairi wa mji wa Angoulême aitwaye Lucien, mzuri wa sura na mwepesi wa maneno, anayekwenda Paris kutafuta sifa. Nani analipa gharama ya safari hiyo? Ni dada yake na shemeji yake, David, mpiga chapa mtaratibu anayehangaika kuvumbua njia rahisi ya kutengeneza karatasi. Lucien anapokwama Paris anaghushi sahihi ya shemeji yake katika hati za deni, na anayefungwa jela ni David. Ndugu msomaji, tafadhali litie akilini jambo hilo. Mshairi anateseka, ndiyo. Lakini anayelala gerezani ni mtu mwingine.

Sisi tuliozoea kukaa ofisini mchana na kutunga usiku tuna sababu ya kulisema hili kwa sauti. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, na hatujapata kusikia kwamba mihuri na majalada vilimkausha wino. Lakini tusiende mbali na mada yetu. Turudi kwa Antoine.

Antoine naye hufanya kazi, nasi twampa haki yake kwa hilo. Amefanya kazi katika kiwanda cha santuri, amekuwa mlinzi wa usiku hotelini, mpelelezi wa kukodiwa, na fundi wa televisheni. Katika sinema ya mwaka 1970, Domicile conjugal, yaani Nyumba ya Mke na Mume, anasimama uani akipaka maua meupe rangi ili yauzwe yakiwa mekundu, na anatafuta dawa ya kuleta wekundu usio na mfano. Dawa inayaunguza maua. Baadaye anaajiriwa na kampuni ya Kimarekani, na kazi yake ni kuendesha kwa mbali vijimeli vya mfano katika bwawa dogo. Mtazamaji anacheka, lakini Truffaut amefanya jambo la busara hapa: amemvua mwandishi kijana ile kanzu ya utukufu. Antoine ni kibarua kama vibarua wengine, na riwaya yake anaiandika usiku.

Sasa tuingie katika kiini cha hoja yetu. Katika mfululizo huu wote wamo wanawake ambao Antoine anawapenda, kisha anawageuza kuwa maneno. Na jambo ambalo wahakiki wengi hulipita mbio ni hili, kwamba wanawake hao wanajibu.

Wa kwanza ni Fabienne Tabard, katika sinema ya mwaka 1968, Baisers volés, yaani Mabusu ya Wizi. Sinema inapoanza Antoine yumo gerezani jeshini, anasoma riwaya ya Balzac ya mwaka 1836, Le Lys dans la vallée, kisa cha kijana Félix anayempenda mke wa mtu kwa mapenzi yasiyotimizwa, hadi mwanamke huyo anafariki. Baada ya kutoka jeshini anapata kazi ya upelelezi, na anatumwa katika duka la viatu ambalo mwenyewe anataka kujua kwa nini hakuna mtu anayempenda. Antoine, badala ya kupeleleza, anampenda mke wa mwenye duka. Anamwandikia barua ya kuaga, akisema kwamba mapenzi yao hayawezekani, kama yale ya kitabuni. Asubuhi bibi yule anapiga hodi chumbani kwake. Anamweleza kwa upole kwamba yeye si malaika wala ndoto, ni mwanamke. Na kwamba kitabu hicho naye amekisoma, na hakukiona kizuri kama Antoine alivyokiona, kwa kuwa mwanamke aliyemo anakufa kwa sababu ya mapenzi hayo.

Walimu wa fasihi watafurahi kujua kwamba Balzac mwenyewe alikuwa upande wa bibi Tabard. Riwaya ile yote imeandikwa kama barua ndefu ya Félix kwa mwanamke mwingine, Natalie, ambaye sasa anamtaka, akimsimulia kwa fahari uchungu wa mapenzi yake ya zamani. Katika kurasa za mwisho Natalie anajibu. Barua yake ni fupi, haina machozi, na inamkataa. Antoine amekibeba kitabu kile hadi gerezani, amekipenda, amekiiga katika barua yake mwenyewe, lakini ni kama kwamba kurasa za mwisho hakuzifikia. Vijana wangapi husoma hivyo? Husoma mpaka pale wanapojiona wenyewe, wakafunga kitabu.

Wa pili ni mkewe, Christine, mwalimu wa fidla. Tukitazama Domicile conjugal kwa makini tutaona kwamba Antoine ana tabia ya kushika kalamu peke yake hata katika mambo ya nyumbani. Mtoto wao wa kiume anapozaliwa, mama anataka aitwe Ghislain. Baba anakwenda kumwandikisha kwa jina la Alphonse, na jina hilo ndilo linalobaki. Baadaye anajiingiza katika mapenzi na msichana wa Kijapani, Kyoko. Siri inafichuka kwa njia ya kuchekesha na kuhuzunisha: msichana alikuwa amempa maua, na ndani ya kila ua alikuwa ameficha kikaratasi cha maneno ya mapenzi. Maua yakawekwa nyumbani, yakachanua, vikaratasi vikadondoka mbele ya mke. Antoine anaporudi anamkuta Christine ameketi, amevaa vazi la Kijapani, amejipaka uso kwa mtindo wa Kijapani, na machozi yanamtiririka. Hapo kicheko cha mtazamaji hukwama kooni.

Lakini kwa hoja yetu la maana zaidi ni maneno anayomwambia mumewe kuhusu riwaya anayoiandika. Antoine anaandika habari za utoto wake, za wazazi wake, za machungu aliyotendewa. Christine anamwambia kwamba yeye si mwandishi wala mwenye elimu kubwa ya mambo hayo, lakini anaona kuwa kazi ya sanaa haiwezi kuwa mahali pa kulipiza visasi. Ikiwa hivyo, basi si kazi ya sanaa tena. Antoine hana jawabu la maana. Nasi twauliza: katika vitabu vyote vya nadharia ya fasihi vinavyokaririshwa shuleni, ni vingapi vimesema neno lililo wazi kuliko hili la mke aliye jikoni?

Wa tatu ni Colette, na hapa ndipo Mapenzi Mbioni inapofanya kazi yake kubwa. Colette alikuwa mapenzi ya kwanza ya Antoine, katika sinema fupi ya mwaka 1962. Walijuana katika matamasha ya muziki. Antoine alimpenda mno hata akahama, akapanga chumba ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya wazazi wake. Wazazi walimpenda, wakawa wanamkaribisha chakula, binti hakumpenda. Kisa kile kinaisha jioni moja Colette anapotoka na kijana mwingine, na Antoine anabaki ameketi na baba na mama wa msichana mbele ya televisheni.

Miaka 17 imepita. Antoine na Christine wanaachana kwa ridhaa ya pande zote mbili, utaratibu ulioingizwa Ufaransa kwa sheria ya mwaka 1975. Antoine sasa ni msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha chapa. Ametoa riwaya iitwayo Les Salades de l'amour. Jina hilo kwa Kiswahili ni Kachumbari za Mapenzi, lakini Mfaransa akisema kwamba mtu fulani anasimulia kachumbari, ana maana kwamba anasema uwongo. Truffaut, kwa hiyo, ameshatuonya kuanzia jalada. Colette naye amekuwa wakili. Maisha yamempiga, amefiwa na binti yake mdogo aliyegongwa na gari. Anakipata kitabu cha Antoine, anapanda nacho gari moshi, anakisoma. Na Antoine, aliyekuja stesheni kumsindikiza mwanawe, anamwona dirishani, anasahau kila kitu na kuurukia mlango.

Ndani ya gari moshi Colette anamwonyesha jambo moja. Katika riwaya Antoine ameandika kwamba familia ya msichana ndiyo iliyohamia mkabala na chumba cha kijana. Kumbe yeye ndiye aliyewahamia wao.

Msomaji asiyeandika anaweza kuliona hili kuwa dogo. Barabara ni ile ile, madirisha ni yale yale. Kuna ubaya gani kubadili nani alihama? Sisi twaona kwamba kisa kizima kimo humo. Kijana anayehamia karibu na msichana asiyempenda ni king'ang'anizi, na pengine mwenye kuhurumiwa. Kijana ambaye msichana analetwa na majaliwa hadi mbele ya dirisha lake ni mtu aliyeandikiwa mapenzi, kisha akadhulumiwa. Kwa kugeuza sentensi moja mwandishi amejitoa katika kundi la wasumbufu akajiingiza katika kundi la walioonewa, na msichana, ambaye kosa lake lote lilikuwa kutopenda, amekuwa mkatili. Na ni mtu mmoja tu duniani awezaye kuigundua hila hiyo: yule aliyeandikwa. Wasomaji wengine wote wa Kachumbari za Mapenzi wangeimeza bila kutafuna. Hata msahihishaji hodari, anayelipwa kwa kuwinda makosa ya watu wengine, hakuliona kosa hilo katika prufu zake mwenyewe.

Hakuliona, au hakutaka? Truffaut halijibu swali hilo, wala sisi hatulijibu. Twaona tu kwamba mazungumzo yale yanaharibika, Antoine anavuta breki ya hatari, anaruka nje na kukimbia mashambani. Nyuma ameangusha picha ya msichana anayempenda sasa, Sabine, muuza duka la santuri, picha ambayo ilikuwa imechanwa vipande akaiunga. Mbele ya Colette alikuwa amejifanya kwamba habari za picha ile ni mpango wa riwaya yake ya pili. Ni kweli iliyompata, lakini anaisema kama hadithi. Na yale aliyoyabuni amekwisha kuyachapisha kama kweli. Baadaye Colette na Christine wanakutana, na wanazungumza habari za mwanamume huyu. Tunasikia maisha ya Antoine kutoka vinywa ambavyo havikupewa nafasi katika riwaya yake.

Tena kuna jambo ambalo hatukulikuta likitajwa mara nyingi. Marie-France Pisier, aliyemwigiza Colette mwaka 1962 na tena mwaka 1979, ni mmoja wa walioandika mswada wa Mapenzi Mbioni pamoja na Truffaut, Jean Aurel na Suzanne Schiffman. Basi Colette anapoifungua riwaya na kuisahihisha, hasemi maneno yaliyotungwa na wanaume peke yao. Walikuwako wanawake wawili pale kalamu ilipokuwa, na mmoja wao ndiye mwenye uso tunaouona dirishani.

Hatudai kwamba sinema hii haina dosari. Truffaut mwenyewe hakuiridhia sana. Ameitia vipande vingi mno vya sinema za awali, hata pengine mtazamaji ajisikia kama mgeni anayeonyeshwa albamu ya picha za familia na mwenyeji asiyejua kukoma. Na mwisho wake, Antoine na Sabine wakipatana dukani kati ya santuri, umekuja kwa urahisi ambao kijana yule hakuufanyia kazi. Lakini dosari hizo ni za ufundi. Twalisema hilo kwa haraka na kuendelea, kwa kuwa bado hatujamtaja mtu aliyekuwa na haki kubwa kuliko wote ya kujibu, naye ni mama.

Mwaka 1959 Truffaut alitoa sinema yake ndefu ya kwanza, Les Quatre Cents Coups, na katika tamasha la Cannes akapewa tuzo ya mwongozaji bora. Ni kisa cha utoto wa Antoine, na kwa sehemu kubwa ni kisa cha utoto wake mwenyewe: mtoto asiyetakiwa, mama mkali, baba wa kambo, utoro, wizi wa taipureta, na kituo cha watoto wakosefu. Dunia ilimlilia mtoto yule. Mama yake Truffaut na baba yake wa kambo waliumizwa sana, maana majirani na jamaa walijua vizuri ni nani waliokuwa wanaonyeshwa. Mama huyo alifariki mwaka 1968. Hakuwa na kampuni ya sinema wala jina magazetini. Neno lake halikusikika popote.

Katika sinema ile ya mwaka 1959 limo tukio ambalo kila mwalimu angelitazama kwa makini. Antoine amekosa shule, na mwalimu anamuuliza udhuru. Kijana anababaika, kisha anasema kwamba mama yake amefariki. Huo ni uwongo, na ndiyo hadithi ya kwanza ambayo mwandishi huyu anatunga mbele ya hadhira: anamuua mama yake ili ajiokoe. Siku ile ile aliyotoroka shule alikuwa amemwona mama huyo barabarani mikononi mwa mwanamume mgeni.

Miaka 20 baadaye, katika Mapenzi Mbioni, mama ya Antoine amefariki kweli. Na ni nani anayetokea kumwelezea? Ni mwanamume yule yule wa barabarani, sasa mzee, bwana Lucien. Anakula chakula pamoja na Antoine, kisha anampeleka makaburini Montmartre hadi kwenye kaburi ambalo mwana hakuwa amelizuru. Anamwambia kwamba mama yule alimpenda, ila alikuwa na njia yake mwenyewe ya kupenda. Truffaut angeweza kumpa maneno hayo mtu yeyote mwenye heshima. Amempa yule ambaye mtoto alikuwa na sababu zaidi ya kumchukia. Kwetu sisi hapo ndipo mwandishi alipolipa deni lake, kwa kuchelewa, kwa mtu ambaye hakuwapo tena kulipokea.

Najua, atasema mpinzani wetu, lakini mwandishi ana uhuru wa kubuni. Mkianza kumpeleka mbele ya wake zake na wazazi wake kama mbele ya hakimu, hakuna kitabu kitakachoandikwa. Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba riwaya ifuate yaliyotokea kama hati ya polisi. Anayebuni na abuni. Awape watu wake majina mapya, miji mipya na dhambi mpya. Tunachokataa ni mtu kubuni kwa mkono wa kulia na kudai heshima ya shahidi kwa mkono wa kushoto, akitaka tumwamini kwa sababu aliteseka, na tusiwasikilize wengine kwa sababu hawajui kuandika. Wala hatumwiti mdhibiti aje na makasi. Makasi hukata kweli na uwongo pamoja, na mwandishi aliyekatwa hugeuka shujaa bila kustahili. Dawa ya kitabu ni jawabu.

Na katika jambo hili sisi wa Kiswahili hatuhitaji kufundishwa na mtu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, zaidi ya miaka 180 iliyopita, alirusha tungo zake akijua wazi kwamba Lamu wako watakaozirudisha. Kurasa za mashairi katika magazeti yetu, tangu enzi za Mambo Leo lililoanzishwa mwaka 1923, zilikaliwa na malumbano: huyu kauliza, yule kajibu kwa vina vile vile, wa tatu kaja kuamua. Mtunzi aliyemchokoza mwenzake alijua kwamba baada ya matoleo mawili matatu atalipwa, tena mbele ya wasomaji wale wale. Je, ilikuwaje tukaingia katika riwaya na hadithi za maisha tukaacha desturi hiyo mlangoni? Kijana anayeandika leo habari za mchumba aliyemkataa hana hofu ya kujibiwa. Mchumba amekwisha kuolewa wilaya nyingine, hana mchapishaji, na jina lake limebadilishwa herufi mbili tu.

Basi twawageukia walimu, ambao ndio wasomaji wa kwanza wa kila mwandishi. Mwalimu wa Antoine mwaka 1959 aliwapa wanafunzi insha kuhusu tukio zito walilolishuhudia wenyewe. Antoine, aliyekuwa amemwashia Balzac mshumaa nyumbani hata karibu aichome nyumba, aliandika juu ya kifo cha babu yake kwa maneno aliyoyachukua katika kitabu cha Balzac. Mwalimu akamwita mwizi, akampa sifuri na kumfukuza darasani. Wizi ulikuwapo, hatubishi. Lakini mwalimu yule alichungulia karatasi tu. Hakuuliza kuhusu babu. Wala hakuuliza kwa nini mtoto aliyetakiwa aseme aliyoyaona mwenyewe alijificha nyuma ya maneno ya mtu mkubwa. Angeuliza, pengine angeuona mapema ugonjwa ambao Colette aliugundua baadaye ndani ya gari moshi.

Twapendekeza kazi moja kwa madarasa ya fasihi, nayo haihitaji fedha wala mitambo. Mwanafunzi akileta hadithi ya maisha yake, mwalimu asiisahihishe kwanza. Amrudishie, amwagize aandike ukurasa wa pili kwa kinywa cha yule aliyemshitaki katika ukurasa wa kwanza, awe baba, au rafiki, au msichana. Kisha asome zote mbili. Na darasa likikosa mahali pa kuanzia, lianze na barabara ile ya Paris. Jioni kijana anafika na sanduku lake, anapandisha vitu ngazini, anafungua dirisha, na ng'ambo ya barabara baba, mama na binti wanainuka mezani kumtazama. Waandike walivyomwona.